Kulegea Si Kunepa: Kisa cha Neno Moja la Kiingereza

Miongoni mwa mashtaka ambayo Kiswahili hushtakiwa kila uchao, hakuna linalorudiwa kwa wepesi kama hili: kwamba lugha hii ni maskini wa msamiati. Mshtaki huwa hana haja ya kuleta ushahidi. Hutaja neno moja la Kiingereza, akauliza, "Haya, Kiswahili chake ni nini?" Akiona msikilizaji amesita kidogo, basi kesi huhesabiwa kuwa imekwisha. Leo ningependa kuifungua upya kesi moja ya aina hiyo, tena ndogo kabisa, inayohusu neno lenye herufi tatu tu: "sag".

Chanzo cha mjadala huu ni kibao. Mwaka uliopita nilialikwa na shule moja ya upili hapa kisiwani Mombasa kuzungumza na wanafunzi kuhusu isimu. Langoni palikuwa na kibao chenye kanuni kumi za shule, zote zimeandikwa kwa Kiswahili kisicho na doa, isipokuwa ya saba. Hiyo ilisema: "Ni marufuku kusag suruali." Nilipomuuliza mwalimu wa Kiswahili aliyenipokea, mtu mwenye bidii na mwenye kuipenda kazi yake, alinijibu kwa masikitiko: "Tulikaa kikao kizima, Daktari, tukilitafuta neno. Hatukulipata. Kiswahili hakina."

Mintarafu ya jibu hilo nina mambo matatu ya kusema. La kwanza, neno lenyewe la Kiingereza lina historia tofauti na vile tunavyodhani. La pili, Kiswahili kinalo neno, tena si moja. La tatu, na ndilo zito zaidi, mwalimu yule hakusema vile kwa uvivu. Kuna sababu zinazomfanya Mswahili aliyehitimu, anayeishi katika mji wa Waswahili, aamini kwamba lugha yake haina jina la jambo analoliona kwa macho yake kila siku.

Tuanze na Kiingereza. Wataalamu wa asili ya maneno hulifuata neno hili hadi Kiingereza cha Kati, kuanzia mwishoni mwa karne ya 14, lilipokuwa likiandikwa "saggen". Halikutoka katika Kilatini wala Kifaransa, lugha ambazo zama hizo zilikuwa zikikimwagia Kiingereza maelfu ya maneno ya sheria, ya dini na ya mapishi. Yaelekea lilitoka kaskazini, ama katika lugha za Skandinavia, ama katika Kijerumani cha Chini kilichosemwa na wafanyabiashara wa bandari za Bahari ya Kaskazini na Baltiki. Katika Kijerumani hicho kulikuwako kitenzi "sacken", maana yake kuzama au kutuama taratibu, jinsi mashapo ya mvinyo yanavyotuama chini ya pipa. Kiswidi nacho kina "sacka", chenye maana iliyo karibu na hiyo. Kwa hivyo kiini cha maana ya neno hili ni kushuka polepole kwa uzito. Na Kiingereza, lugha ambayo huambiwa tuiogope kwa utajiri wake, kinaonekana kulipata neno hilo kwa majirani zake.

Kufikia zama za Shakespeare neno lilikuwa limekwisha kupanda daraja. Katika tamthilia ya Macbeth, iliyoandikwa yapata mwaka 1606, mfalme muuaji aliyezingirwa na maadui zake anajigamba kwamba shaka haitaushusha moyo wake, na kitenzi anachokitumia ni hiki hiki. S. S. Mushi alipoifasiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili mwaka 1968, ilimlazimu atafute cha kukiweka mahali pake. Walimu wa fasihi wanaweza kuwapa wanafunzi wao zoezi zuri hapo: kabla ya kuifungua tafsiri ya Mushi, kila mmoja aandike kitenzi ambacho yeye angekichagua, kisha walinganishe na kujadiliana.

Mabaharia nao hawakuliacha neno hilo. Tuchukue merikebu iliyo kati ya mawimbi mawili, wimbi moja limeinua omo na jingine limeinua tezi. Katikati ya chombo maji huwa yamepungua, nguvu ya kukibeba hupungua pia, nacho hupinda kwa chini mithili ya kitanda cha kamba kilichochoka. Wajenzi wa meli Waingereza hukuita huko kupinda "sag", na wana neno jingine kwa kinyume chake, yaani wimbi linapoinua katikati na kuziacha omo na tezi zikielea bila tegemeo. Aidha, chombo kinachosukumwa na upepo kidogo kidogo kuelekea upande wa demani, Waingereza huweza kukisemea kwa kitenzi hicho hicho. Mashapo, moyo wa mfalme, gogo la merikebu na mwendo wake: kitenzi kimoja kinabebeshwa vyote.

Suruali zilikuja mwisho kabisa. Simulizi iliyoenea ni kwamba mtindo wa kuziteremsha chini ya kiuno ulianzia katika magereza ya Marekani, ambako wafungwa hunyang'anywa mikanda ili wasijidhuru wala kuwadhuru wenzao, na huvishwa sare zisizowaenea. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1990 wanamuziki wa hip-hop waliutangaza, na kanda za video zikausambaza duniani kote. Watu wazima walihamaki. Mwaka 2007 mji mdogo wa Delcambre katika jimbo la Louisiana ulipitisha sheria ndogo ya kuwaadhibu wavaaji. Mji wa Opa-locka, jimbo la Florida, ulifanya vivyo hivyo mwaka huo huo, na haukuifuta sheria yake hadi mwaka 2020. Hivyo ndivyo neno la mashapo ya mvinyo lilivyosafiri hadi likatia nanga kwenye lango la shule ya Mombasa.

Sasa tuje kwetu. Wiki mbili baada ya ziara ile nilimwomba yule mwalimu aniruhusu nitembee na wanafunzi wake kumi na wawili siku ya Jumamosi. Yeye mwenyewe aliandamana nasi. Tulikutana Mama Ngina, barabara ya ufukweni iliyopewa jina la mke wa rais wa kwanza wa Kenya, pale mlango wa bahari wa Kilindini unapofunguka na meli za shehena hupita karibu kiasi cha mtu kutamani kuzigusa. Ufuko huo ulikarabatiwa mwaka 2019, na sherehe za kitaifa za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba mwaka huo zikafanyiwa hapo. Viti na vijia ni vipya, lakini mibuyu ni ile ile mikongwe, na wauza madafu, mabuyu na mihogo ya kukaanga hawakukosekana. Kazi niliyowapa wanafunzi ilikuwa nyepesi: waandike kila kitu ambacho wangesema "kimesag".

Orodha ilijaa upesi. Walitaja kamba ya kuanikia iliyofungwa baina ya miti miwili, nyaya za umeme, na turubai la muuza mihogo lililokuwa na maji ya mvua ya usiku. Walitaja tawi lililovunjika, tairi ya mkokoteni, shati la mtoto aliyevaa nguo za kakake, mashavu ya mzee aliyesinzia kitini, na mchanga laini uliomeza nyayo zao. Walitaja fundo la kamba ya turubai, na mchuuzi aliyekosa wateja akaketi ameshika tama. Na bila shaka walitaja suruali za vijana waliokuwa wakipiga picha ukingoni mwa bahari. Vitu kumi na kimoja, kitenzi kimoja.

Ndipo nilipowauliza: je, vyote hivi vimepatwa na jambo lile lile?

Kamba, nyaya na turubai vimeshikwa ncha zake, na katikati vimeshuka kwa uzito, uwe uzito wake vyenyewe au wa mzigo uliowekwa juu yake. Jambo hilo Kiswahili hukiita kunepa. Waya wa umeme hunepa zaidi jua linapopanda, kwa sababu madini hurefuka yanapopata joto. Fundi anayeuvuta waya humwachia kunepa kiasi fulani kwa makusudi, kwani akiukaza kupita kiasi huweza kukatika hali ya hewa inapobadilika na waya ukafupika. Tawi lililovunjika halikunepa, maana limeshikwa upande mmoja tu na upande wa pili u huru. Hilo linaning'inia. Tairi iliyopungukiwa na upepo imebonyea. Shati la mtoto halikushuka wala halikupinda, ila ni kubwa kuliko mwili uliomo, nalo linapwaya, kama inavyopwaya pete kwenye kidole chembamba. Nyama ya mashavu iliyopoteza ugumu wake imetepeta. Mchanga unaodidimia ukikanyagwa unatitia. Fundo lililokuwa limekaza na sasa halikazi limelegea. Na yule mchuuzi, ambaye mifupa yake ilikuwa imara lakini moyo umeshuka, amenyong'onyea.

Huo ni msamiati wa vitenzi vinane, na vyote si vya kubuniwa ofisini. Mtu huchagua kimojawapo kwa kujiuliza maswali machache tu. Kitu kimeshikwa wapi, ncha moja au zote mbili? Kilichopungua ni nini: mkazo, ugumu, upepo, kimo au furaha? Kuna mzigo juu yake au hakuna? Kiingereza nacho kina maneno mengine ya kutofautisha hali hizi, na itakuwa dhuluma kudai vinginevyo. Ninachosema ni kwamba wanafunzi wale hawakukopa utajiri huo wa Kiingereza. Walikopa neno moja, wakaliweka juu ya maneno manane ya kwao, na yale manane yakafunikwa.

Je, kuna hasara gani? Jibu la swali hilo tulilipata mchana huo huo. Tulipanda tuktuk hadi Ngome ya Yesu, kisha tukaingia Mji wa Kale kwa miguu. Nyumba za kale za mawe za pwani hii zina kanuni moja ya vipimo ambayo mpita njia haioni. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti huwekwa mawe ya matumbawe na chokaa, mzigo usio mdogo. Mkoko ni mti mgumu, lakini ukilazwa juu ya pengo linalozidi mita tatu hivi hauwezi kubeba mzigo huo kwa miaka mingi bila kunepa. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo huwa virefu na vyembamba. Urefu wa chumba aliuamua mwenye mali yake, lakini upana wake uliamuliwa na boriti.

Katika kichochoro kimoja tulimkuta seremala mzee akitengeneza roshani. Wanafunzi walimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," akatukaribisha ndani tuione kazi. Msichana mmoja alitazama juu, akaona dari limeshuka katikati, akasema, "Babu, dari hili limelegea."

"La, mwanangu," akajibu mzee. "Hili halikulegea, hili limenepa. Kilicholegea hukazwa. Kilichonepa huondolewa mzigo, na kikizidi watu hutoka nyumbani."

Sikuwa na la kuongeza juu ya mhadhara huo. Katika sentensi tatu mzee yule alikuwa amefafanua tofauti ya maana, akaeleza sababu ya tofauti hiyo kuwapo, na akatoa tahadhari. Kitasa cha mlango kikilegea, leta bisibisi. Boriti ikinepa, msumari na bisibisi havina kazi hapo. Ni lazima uchukuzi wa juu upunguzwe, au itiwe nguzo chini yake, au boriti ibadilishwe. Anayeyaita yote mawili "kusag" atakuwa na jina moja kwa maradhi mawili yenye tiba tofauti. Siku ya hatari atasema dari "limesag", na msikilizaji hatajua kama aende kutafuta nyundo au akimbie.

Nirejee sasa kwenye suruali, maana ndizo zilizotuleta hapa. Nilimwambia yule mwalimu asijisumbue kulibuni neno, kwa kuwa ndugu zetu wa Tanzania wanalo. Vijana wa huko huita vazi hilo mlegezo, na kuvaa hivyo ni kuvaa mlegezo. Neno hilo lilizuka mitaani, wala halikutoka katika kamati yoyote, lakini mwanaisimu akilipasua huona limeundwa kwa ustadi mkubwa. Lina kiambishi cha ngeli m- mwanzoni na -o mwishoni, umbo lile lile linalotupatia mchezo, mwendo na mshono, yaani namna au tendo la kufanya jambo. Katikati kuna kitenzi, na kitenzi chenyewe si legea bali ni legeza. Hiyo sauti ya z ndiyo inayobeba siri. Kitu hulegea chenyewe, kwa uchakavu au kwa ajali. Kitu hulegezwa na mtu, kwa kukusudia. Kijana wa Mama Ngina hakuponyokwa na suruali. Ameilegeza makusudi na ana haja nayo, na sarufi imeliona hilo kabla ya mwalimu wa zamu.

Tena ukiirudia ile simulizi ya magereza ya Marekani kwa Kiswahili, utaona inasimulika kwa vitenzi viwili tu. Mfungwa aliyevishwa sare kubwa na kunyang'anywa mkanda, suruali yake ilikuwa inapwaya. Kijana wa mtaani aliyemuiga ameilegeza. Ya kwanza ni dhiki, ya pili ni fahari. Kiingereza hutumia neno moja kwa zote mbili, na huenda ndiyo sababu wengi wanaoujadili mtindo huo huwachanganya walioonewa na wanaojionyesha. Kwa hiyo kanuni ya saba ingeweza kuandikwa, "Ni marufuku kuvaa suruali kwa mlegezo," au kwa wepesi zaidi, "Suruali ivaliwe kiunoni." Hakuna mwanafunzi atakayedai kwamba hakuelewa.

Pana sababu nyingine ya kiisimu inayolifanya neno "kusag" lisitulie vyema kinywani mwa Mswahili. Kiswahili hupenda silabi zake ziishie kwa irabu. Maneno ya kigeni yakiingia hupewa irabu mwishoni: vitenzi vya Kiarabu vikatupa fikiri, jibu na samehe. "Sag" likipewa irabu ya kawaida ya vitenzi vya Kibantu huwa saga, na hapo huingia katika nyumba yenye mwenyewe. Kusaga ni kazi ya kinu na mashine ya unga. Ukitaka kuliendeleza zaidi kwa viambishi vya kutendwa, suruali "itasagwa", na msikilizaji atauliza kama unga wake ni wa daraja la kwanza au la pili. Ndiyo maana vijana huliacha likining'inia bila irabu: anasag, amesag, watasag. Neno lisiloweza kunyambulika halijawa raia wa lugha bado, ni mgeni aliyeketi barazani. Legea, kwa upande wake, hutupa legeza, legezwa, legezana, mlegevu, ulegevu na legalega bila jasho.

Nisieleweke kuwa napinga kukopa. Mwanaisimu anayepinga kukopa hana budi kuyavua mavazi yake yote. Hata suruali yenyewe ni neno lililotufikia kupitia Kiarabu, nalo huko lilitoka kwa Waajemi. Leso ni ya Kireno. Gereza ni la Kireno pia, na awali lilimaanisha kanisa. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilitumiwa na Waingereza kama jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, na Waswahili waliita mahali hapo gereza bila kuomba ruhusa ya mtu. Kukopa kwa namna hiyo ni afya, kwa sababu lugha ilipata kitu ambacho haikuwa nacho. Ninachokipinga ni kukopa kunakofuta. Mtu akiazima jembe la jirani ilhali lake liko ghalani, si jirani aliyemdhulumu, bali ni yeye aliyesahau njia ya ghala.

Na njia hiyo imesahaulikaje? Hapa ndipo lilipo lile jambo la tatu nililoliahidi. Si kwamba maneno hayapo kwenye kamusi. Nepa, pwaya na tepeta yamo katika kamusi zetu, na mwanafunzi yeyote anaweza kuyatafuta, lakini mtu hatafuti neno asilojua kwamba lipo. Tukumbuke pia kwamba Mombasa ndiko kulikoanzia kazi kubwa ya kamusi. Ludwig Krapf alifika hapa mwaka 1844, akayakusanya maneno kwa miaka mingi, na kamusi yake iliyojengwa hasa juu ya Kimvita ikachapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mgeni kutoka Ujerumani aliyasikiliza maneno ya kisiwa hiki kwa makini kiasi hicho. Itakuwa ajabu wenyeji wakiyapoteza kwa kutosikilizana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa maoni yangu tatizo liko katika mgawanyo wa kazi tuliowapa lugha zetu shuleni. Nchini Kenya mtoto husomeshwa sayansi na hisabati kwa Kiingereza. Mzigo, mkazo, kamba, boriti, joto na waya hukutana navyo katika vitabu vya Kiingereza peke yake. Kiswahili huachiwa insha, ushairi na methali. Basi mwanafunzi anaweza kueleza kwa Kiswahili fasaha jinsi jua lilivyochomoza na ndege wakaimba, lakini hawezi kueleza kwa lugha hiyo hiyo kwa nini dari la nyumba yao limeshuka. Wakati huo huo fundi aliyekuwa akiyatumia maneno hayo kila siku anazeeka, na saruji na nondo zimechukua mahali pa mkoko na chokaa. Neno la kazi huishi maadamu kazi ipo, na kazi ikifa neno hubaki kamusini kama vazi la marehemu.

Watanzania walijaribu njia nyingine. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha mwaka 1990 kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia, na watoto katika shule nyingi za msingi za nchi hiyo husoma sayansi kwa Kiswahili. Sisi wa Kenya, ambao Katiba yetu ya mwaka 2010 imekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, hatuna budi kujiuliza kama lugha rasmi inaweza kukosa ruhusa ya kuingia katika maabara. Hata kabla sera haijabadilika, mwalimu wa fizikia anaweza kusema mara moja tu, anapochora boriti iliyobeba mzigo, kwamba umbo lile huitwa mnepo, kwa kanuni ile ile iliyotupa mlegezo. Hatatumia hata nusu dakika.

Kwa walimu wa Kiswahili nina pendekezo lisilo na gharama. Mfundisheni mwanafunzi msamiati kwa kumtoa nje. Mpelekeni sokoni, gatini, kwenye karakana, Mama Ngina, Mji wa Kale, au kokote kuliko karibu nanyi, mumwambie ataje vinavyoonekana na vinavyotendeka. Asipolijua neno, amuulize mwenye kazi yake: mvuvi, seremala, fundi cherehani, dereva wa mkokoteni. Mwanafunzi atarudi na maneno ambayo hayamo kwenye kitabu cha kiada, na pia atakuwa amejifunza kumwamkia mzee na kumsikiliza. Na mwalimu anapolisikia neno la mtaani asikimbilie kiboko au kalamu nyekundu. Amuulize mwanafunzi, "Unakusudia kusema nini hasa?" Katika swali hilo ndimo maneno manane yalimotokea ufukweni.

Kauli ya yule mzee imebaki nami kwa sababu nyingine inayowahusu walimu zaidi kuliko wanaisimu. Tunao wanafunzi ambao kazi zao zimeshuka, daftari zao ni chafu, na macho yao yako dirishani. Sote huwaita walegevu, na tiba yetu kwa ulegevu ni kukaza: kanuni zaidi, kazi zaidi, adhabu zaidi. Baadhi yao ni walegevu kweli, na kukazwa kidogo kutawafaa. Lakini wapo wengine ambao hawakulegea. Wamenepa. Ni mtoto anayeamka alfajiri kusaidia biashara ya mama yake, anayewalea wadogo zake, au anayelala njaa. Huyo ukimkaza unamwongezea uzito, na boriti iliyonepa ikiongezwa uzito inajulikana mwisho wake. Anachohitaji ni kupunguziwa mzigo au kutiwa nguzo. Mwalimu aliye na neno moja tu kwa hali zote mbili ataona mtoto wa aina moja tu.

Basi tusiyaone haya kuwa mabishano ya wasomi juu ya herufi tatu. Wahenga wetu wa baharini walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tumekwenda tezi, tumekwenda omo, tumeyaokota maneno ya mbali, na mengi yametufaa. Lakini shehena yetu wenyewe bado imo ngamani, na ni juu ya walimu na wanafunzi kushuka na kuifungua kabla haijaoza.